Mlima Uliogoma Kupanda

Mlima hauna adabu. Unaubembeleza miaka nenda rudi, unapanda, unaleta mvua, watu wanakuimbia nyimbo harusini, halafu asubuhi moja unakaa kitako kama punda aliyechoka mzigo na kukwambia sisogei.

Ndivyo tulivyoukuta siku hiyo. Nilikuwa mbele ya kioo cha kompyuta katika kituo cha kulegeza mlima, chai yangu haijapoa, naangalia mistari ya ufa. Mstari wa kaskazini ulikuwa unapanda taratibu kama kawaida, na wa kusini pia. Wa katikati, unaopita chini ya kijiji cha Ruvumba, ulikuwa umelala. Tangu masika yaishe ulikuwa ukisuasua, na sisi tukisema utaamka tu.

"Nanzia," Injinia Elinihaki akaniita bila kugeuka. Yeye ndiye mkuu wa kituo. "Unaona ninachokiona?"

"Naona kazi ya mtu aliyetuambia tusubiri."

Elinihaki ni mtu mzuri, Mungu anisamehe, lakini kusubiri amekufanya dini.

Niseme kidogo kwa wasiokijua kwetu. Milima ya Upare haikutoka motoni kama Kilimanjaro. Ganda la dunia huku linavutwa, mashariki kwake na magharibi kwake, na lilipochoka kuvutwa likapasuka. Kipande kimoja kikapanda, ndio Upare. Cha jirani kikashuka, ndilo bonde la Pangani. Dunia iliifanya kazi hiyo kwa mamilioni ya miaka, kidogo kidogo, na kila kidogo kilikuja na tetemeko lake. Kisha tukaja sisi wajuaji. Mvua ilipotukimbia, mawingu yakipita juu bila hata kutusalimia, wataalamu waliotutangulia wakachimba visima hadi ndani kabisa ya ufa na kuteremsha dawa nzito ya kuteleza, ambayo sisi wa kituoni tunaiita mlenda. Mlima ukaanza kupanda kimya kimya, bila kishindo. Tangu nianze shule umepanda kimo cha minara miwili ya simu. Mawingu yamerudi kujigonga kwetu, na watu wanavuna mara mbili kwa mwaka. Nani atathubutu kusema uachwe?

Taabu ni pale unapogoma. Ni kama mlango uliovimba kwa mvua: unausukuma hauendi, unausukuma hauendi, mara unafunguka wote na wewe unaanguka ndani kifudifudi.

"Umeshikilia kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kimo cha mtu. Labda na zaidi. Ukiachia, Ruvumba yote inaruka juu kwa mara moja."

"Lini?"

"Muulize Mungu. Inaweza kuwa sasa hivi. Inaweza kuwa wiki ijayo usiku, watu wamelala chini ya matofali yao."

Ruvumba ni kwetu. Nimezaliwa pale, na kitovu changu kimezikwa pale. Chai ikanishinda.

Elinihaki akageuza kiti. "Tuufungue wenyewe, mchana huu. Tukimwaga mlenda mwingi kwa mpigo utaachia leo hii, tukiwa macho. Ila watu wawe nje ya nyumba."

"Basi tuwaambie."

Akatikisa kichwa. Nilijua anafikiria nini. Mwaka juzi kituo cha kusini kilituma tangazo la hatari kwenye simu za watu. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Watu wakatimka, wakakanyagana njiani, wengine wakaporomoka gengeni, na tetemeko lenyewe halikuja. Elinihaki alikuwa mmoja wa waliokwenda kuokota maiti. Tangu hapo Mamlaka ya Milima imekataza tangazo lolote bila kibali, na kibali chenyewe hakuna aliyewahi kukiona.

"Kuna kitu kinachowatoa watu wa Ruvumba nyumbani wakiwa wanacheka," akasema. "Anacho shangazi yako."

Nikaelewa. Pembe ya msaragambo. Kwetu pembe ikilia, kila nyumba inatoka kwenda kwenye kazi ya wote, kuzibua mifereji au kukarabati ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya chemchemi usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani. Hata mgonjwa hubebwa akakae pembeni, aonekane. Asiyetoka huimbwa kwa dhihaka, na wimbo wa kwetu ukikushika unazikwa nao.

"Wakiitwa hukutana kwanza uwanja wa shule, sivyo?" akaendelea. "Kuhesabiana na kutaniana tu kunawamalizia saa nzima. Sisi tunafungua, dunia inaruka, wanaanguka kwenye nyasi, basi."

"Na shangazi nimwambie nini?"

"Lolote, ila si la kweli. Akilijua yeye, hadi mbuzi watalijua, na watakanyagana."

"Elinihaki, pembe ile haijawahi kupigwa kwa uongo. Hata siku moja."

"Na wewe uko tayari watu wazikwe kwa sababu ya ukweli wako?"

Nilimchukia sana wakati ule, kisha nikachukua ufunguo wa pikipiki.

*

Shangazi Nakijwa nilimkuta uani anakwangua tangawizi, kisu kinakwenda mbio kuliko macho. Ndiye mwenyekiti wa maji na mshika pembe, na ulimi wake unaogopwa hadi kijiji cha pili. Mwanawe Kangero, binamu yangu na mtani wangu wa kufa na kuzikana, alikuwa akigongea jembe mpini mpya.

"Mama Mlima huyo!" Kangero akapaza sauti. "Leo umekuja kutupandisha au kutushusha?"

"Wewe ningekupandisha mpaka mawinguni tupumzike. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko kituoni mnakula mawe?"

Njiani nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. "Shangazi, ningeomba upige pembe. Njia ya shule imeota majani, watoto wanapita kwenye nyoka."

Kisu kikasimama. "Njia gani? Njia tumefyeka juzi juzi tu. Nanzia, una nini wewe?"

Nikababaika. Ndipo neno likanitoka lenyewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu. "Ukuta wa ndiva. Vipimo vyetu vinaonyesha unavuja."

Hilo halikumshangaza mtu. Tangu mlima uanze kupandishwa, ardhi inainama inama, na kuta za ndiva hupata nyufa kila mara. Lakini shangazi aliendelea kunitazama.

"Nakuuliza mara moja tu," akasema. "Kweli?"

"Kweli, shangazi."

Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka. "Kangero, jembe. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo."

Akaingia ndani, akatoka na pembe ya tandala iliyong'aa kwa mikono ya waliomtangulia, akasimama juu ya jiwe lake na kuipuliza. Jamani, sauti ile! Ilishuka makorongo yote, ikapanda tena, na kabla haijaisha tayari nilisikia milango ikifunguliwa na watu wakiitana. Nilipaswa kufurahi. Sikuweza kumtazama shangazi.

*

Nilirudi kituoni kwa pikipiki, nikipishana na watu wenye majembe na karai kichwani. Wengine walinipungia. Mlenda haufunguliwi na mtu mmoja, ni lazima mikono miwili kwa pamoja, wa mkuu na wa msaidizi wake. Elinihaki akashika upande wake nami nikashika wangu.

"Wako nje?"

"Wako nje. Nimewaona kwa macho yangu."

Tukafungua. Pampu zikanguruma chini ya miguu yetu, na kwenye kioo mlenda ukaanza kushuka kisimani. Ungechukua muda kufika kule chini kwenye mwamba uliogoma. Nikawasha jicho letu la angani, kamera ya droni, ili niangalie uwanja wa shule.

Uwanjani kulikuwa na mbuzi.

"Wako wapi?" Elinihaki akauliza.

Nikageuza jicho. Nikawaona. Kijiji kizima, wazee kwa watoto, kilikuwa juu ya ukuta wa ndiva.

Ee Mungu wangu. Ukuta ukivuja hakuna kuhesabiana! Kila mtoto wa Ruvumba anajua hilo. Kazi ya njia watu wanaanzia uwanjani, wanataniana, wanagawana zamu. Ukuta ukivuja unakimbia na jembe moja kwa moja ndivani, kwa sababu maji yakiondoka chakula cha mwaka kimeondoka. Nami nilijua hayo kabla sijawa mtu wa kukaa mbele ya kioo.

Na kulikuwa na baya zaidi. Chemchemi hutoka pale ardhi ilipopasuka. Maji ya chini yakikutana na ufa, hupanda. Wazee wetu walifuata chemchemi, na penye chemchemi wakajenga ndiva. Ukitaka kuuona ufa wa Upare huhitaji mitambo, fuata tu ndiva, moja baada ya nyingine. Hilo nilifundishwa mwaka wa kwanza chuoni, na nililijibu vizuri kwenye mtihani. Sasa nilikuwa nimewaita watu wangu wote wakasimame juu ya ufa wenyewe.

"Funga!" nikapiga kelele. "Funga, funga!"

"Haufungiki, Nanzia. Umeshashuka."

Nikapiga simu ya shangazi, ikaita tu. Kwenye msaragambo simu huachwa nyumbani, anayekamatwa nayo anaimbwa. Nikaivamia pikipiki.

*

Niliwasikia kabla sijawaona, wanaimba. Wanawake walikuwa wamejipanga wakipokezana karai za udongo, na wazee wameketi kwenye majani wakitoa amri zisizosikilizwa na mtu. Kangero alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, akipapasa ukuta kwa viganja, anatafuta tundu ambalo halikuwepo.

"Tokeni!" nikapiga yowe. "Pandeni uwanjani! Ardhi inapasuka, tokeni hapa!"

Wakacheka. "Anaogopa tope huyu!" mmoja akasema. "Mpeni karai!"

Nikamkimbilia shangazi. "Shangazi, watoe. Nakusihi."

"Asubuhi ulisema ukuta."

"Nilidanganya."

"Na sasa?"

"Sasa sidanganyi."

"Nitajuaje?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua.

Nililia pale mbele ya watu, kamasi zikinitoka kama mtoto. Shangazi akanitazama, kisha akapanda juu ya ukuta.

"Nisikilizeni!" Nyimbo zikakoma. "Pembe imewadanganya. Mimi Nakijwa nimewadanganya. Ukuta hauna kitu. Pandeni uwanjani sasa hivi, mtanitukania huko huko."

Mimi wasingeniamini hata ningejichoma moto. Lakini hakuna aliyewahi kumwona Nakijwa akijivua nguo mbele za watu namna ile, na hilo liliwatisha. Wakaanza kupanda. Kwanza walitembea huku wakisonya, kisha mama mmoja akambeba mwanawe na kukimbia, na wote wakakimbia, wazee wakivutwa mikono.

"Kangero, toka majini!" shangazi akaita.

"Mama, nimelipata!" Kangero akajibu, uso umemng'aa. "Tundu nimelipata, maji yananyonywa hapa! Ngoja nizibe!"

Niliyaona maji yakizunguka mbele ya kifua chake. Asubuhi ukuta ulikuwa mzima. Ule ulikuwa ufa, unaanza.

"Kangero, liache!"

"Dakika tu, Mama Mlima! Shamba lako nani atalinywesha?"

Sauti ilikuja kwanza miguuni, halafu masikioni. Nilianguka. Nusu ya juu ya ndiva ikainuka, nasema ikainuka, mbele ya macho yangu, ukuta mpya wa mwamba mbichi ukichomoza kutoka ardhini kimo cha mtu mzima, ukifuka vumbi. Maji yote yakamwagika upande wa bonde kwa mpigo mmoja, na ukuta wa ndiva ukaenda nayo, na Kangero akaenda nayo. Nyuma yetu nyumba za Ruvumba zilianguka moja moja, hazina mtu ndani.

Mlima ulikuwa umepanda.

*

Kangero tulimpata chini kabisa, kwenye migomba, amekufa. Waliobaki wote walikuwa hai, kila mmoja. Elinihaki aliponipigia nilimwambia hivyo, nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kuzamia.

"Nanzia, mzigo haujaisha. Umehama. Uzito uliokuwa umebebwa na mwamba wa Ruvumba sasa umebebwa na wa jirani. Mstari wa Kivuga, kijiji cha jirani, umesimama sasa hivi, na unajaa haraka kuliko wa kwanza. Inabidi tufungue kabla jua halijazama." Akasita. "Kivuga wana pembe?"

Shangazi alikuwa ameketi matopeni, mguu wa mwanawe mapajani, akiusafisha kwa ncha ya kanga. Nilidhani haisikii sauti ya simu.

"Wanayo," akasema. "Na wewe hutaigusa."

"Shangazi..."

"Utakwenda mwenyewe, nyumba kwa nyumba, useme la kweli kwa mdomo wako. Asiyetaka kutoka, kaa naye ndani. Ndivyo watakavyojua."

"Na ikiachia nikiwa ndani?"

Akaninyooshea kidole, wala hakupandisha sauti. "Mwanangu hakukuuliza swali hilo."

Nikamwambia Elinihaki asubiri neno langu. Akasema bila mkono wangu hawezi kufungua hata akitaka, lakini mwamba wenyewe hausubiri mkono wa mtu.

"Najua," nikamjibu. "Nitakuwa huko Kivuga."

Kivuga walikuwa wamelisikia tetemeko, sahani zimevunjika, na habari zetu zilinitangulia. Wengine walinisikiliza wakatoka, hasa waliokuwa na ndugu Ruvumba. Wengine walifunga milango wakiniona. Mzee mmoja alinitemea mate miguuni, nikayapita. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo nilivyojisikia mwongo, maana midomo yangu ilikuwa ile ile.

Nyumba ya mwisho, chini ya mkondo, ilikuwa ya mama mmoja aitwaye Nampombe. Alikuwa jikoni anachochea uji. Chumba cha pili mama mkwe wake alikuwa amelala kitandani, amepooza upande mmoja, macho yanatufuata.

"Limeshapita," Nampombe akasema kabla sijafungua mdomo. "Tumelisikia. Nyumba imesimama."

"Linakuja jingine, dada. Kubwa. Lililopita ndilo lililolisukuma huku kwenu."

"Huko Ruvumba kafa nani?"

"Binamu yangu."

"Alikuwa ndani au nje?"

"Nje."

"Nani alimtoa?"

"Mimi."

Akarudi kukoroga uji. "Basi umejijibu. Mimi mama huyu simbebi kumpeleka kwenye baridi kwa maneno yako. Nenda zako, usije ukafia kwangu."

Jua lilikuwa limeegemea upande wa bonde. Simu ilitetemeka mfukoni, Elinihaki, nikaiacha. Nilitamani kuondoka. Nasema kweli, miguu yangu ilikuwa imeshageuka mlangoni. Mlango ulikuwa wazi na uwanja ulikuwa hatua chache tu, na watu wengi wa Kivuga walikuwa pale tayari. Nani angenilaumu kwa nyumba moja?

Nikavuta kigoda nikakaa, mgongo ukutani.

Nampombe akageuka. "Unafanya nini?"

"Nakaa."

"Hujasema nyumba itaanguka?"

"Itaanguka."

"Sasa?"

"Sasa wewe hutoki, na mimi sitoki."

Udongo kidogo ulidondoka kutoka darini, ukaingia kwenye uji. Sote wawili tuliutazama. Nikautupia mlango jicho, akaniona.

"Unaogopa," akasema.

"Sana, dada. Naogopa mpaka naona aibu."

Aliniangalia usoni, halafu mikononi, matope ya ndiva yamekaukia kwenye kucha. Aliniangalia kama mtu anayesoma bei. Kisha akaushusha uji motoni, akafunga kanga kiunoni kwa nguvu, akaingia chumba cha pili.

"Njoo basi," akaita kutoka ndani. "Mimi nashika mabega, wewe shika miguu."